Bakuli la Bi Mwanakombo

Asubuhi ile Injinia Kwayu, mkuu wa mradi, alinijia mezani kabla sijamaliza chai, akaniambia leo naapa. Hakuniuliza, aliniambia. Nikamtazama, nikaendelea kutafuna chapati yangu. Mtu akikutaka uape mbio mbio namna ile, ujue kuna mahali hataki upachungulie.

Kuapa ndiyo kazi yangu. Mimi ni mshenga, Siwema Shemdoe wa Chumbageni, Tanga, na posa za watu sipeleki. Napeleka maneno kati ya lugha mbili za kompyuta ambazo hazipikiki chungu kimoja. Upande mmoja kuna C, lugha ya kale, yenye nguvu na mbio, inayoingia chumba chochote bila hodi na kugusa inachotaka. Upande wa pili kuna Bayana, iliyotungwa baada ya ile miaka mibaya ambapo mashine ziliua watu na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini. Bayana ina sharti moja tu: swali lile lile lipate jibu lile lile, leo, kesho na mwakani. Haina kinyongo, haiweki kitu moyoni. Sheria ikapita kwamba chochote kinachofanya kazi ndani ya mwili wa mtu kiendeshwe na Bayana.

Sasa, hesabu nzuri zote za zamani ziliandikwa kwa C, na nani ana muda wa kuziandika upya? Kwa hiyo Bayana inaziita kupitia mlangoni, na mlangoni nimekaa mimi. Kwa kila fanksheni ya C, yaani kila kipande cha hesabu, inayoitwa, mshenga anaapa moja kati ya mawili: hii ni safi, au hii ni chafu. Safi maana yake haikumbuki kitu wala haigusi kisicho chake. Chafu hairuhusiwi mwilini, basi. Kompaila ya Bayana, inayoigeuza lugha kuwa kazi ya mashine, haina njia ya kuingia ndani ya C ikakagua yenyewe. Inaniamini mimi kwa neno langu, na maisha ya watu yanajengwa juu ya neno hilo. Ndiyo maana sipendi kuharakishwa.

Maktaba aliyoitaka Kwayu, yaani mkusanyo wa fanksheni za kuapia, ilikuwa ya kongosho. Huku pwani watu wa sukari waliacha kujidunga sindano zamani. Wanavaa kongosho bandia chini ya mbavu, linapima damu na kuamua litoe insulini kiasi gani. Uamuzi wenyewe unafanywa na fanksheni moja inayoitwa dozi, iliyoandikwa kwa C na Bi Mwanakombo, mhandisi aliyestaafu kabla mimi sijaajiriwa. Mwisho wa mwezi makongosho ya zamani, yale ya C tupu, yalikuwa yanazimwa kisheria. Mapya, ambayo dozi ya Bi Mwanakombo inaitwa kutoka ndani ya Bayana, yalikuwa yakijaribiwa na watu wachache waliojitolea. Mmoja wao ni kaka yangu Kibwana, fundi wa kanzu pale Ngamiani.

Nikamwambia Kwayu kwamba dozi nimeisoma na hesabu zake zinapendeza, ila kuna kitu kinanikera. Bakuli ni kubwa mno.

Nieleze kidogo. Kwenye C, ukitaka jibu lenye sehemu mbili tatu, hupewi mkononi. Unatoa bakuli, yaani kipande cha kumbukumbu ya mashine, na fanksheni inakutilia jibu humo. Jibu la dozi ni dogo: kiasi cha insulini na alama ya hatari. Kikombe cha kahawa kingetosha. Bi Mwanakombo aliomba bakuli la pilau la harusi.

Kwayu akacheka. Akasema hayo ni mazoea ya watu wa zamani, waliomba vyombo vikubwa wasije wakamwaga. Vijana wake wamejaribu maelfu ya maswali na majibu yote yametoka sawa. Kwayu si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Mama yake mwenyewe anavaa kongosho, na alichokuwa akikiogopa ni ule mwisho wa mwezi. Nilishaanza kulegea. Ndipo wifi yangu akapiga simu, akaniambia Kibwana ameangukia cherehani, hajitambui, wako naye hospitali.

*

Nilimkuta ameshazinduka, uso una alama ya mshipi wa cherehani, amekasirika kama mtu aliyeamshwa kwa ndoo ya maji. Sukari ilikuwa imeshuka hadi daktari akashangaa kumwona anaongea. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Daktari akasema pengine amejisahau kula. Kwayu, aliyenifuata, akasema wagonjwa wengine hawasemi kweli. Wifi yangu akamgeukia, akamwambia polepole kwamba wali na mchuzi wa papa amempakulia kwa mkono wake na sahani imerudi nyeupe.

Niliunganisha kongosho la Kibwana na kompyuta yangu palepale kitandani, nikaangalia lilifanya nini baada ya ule wali. Sukari ilipanda, likatoa dozi kamili. Vizuri. Lakini insulini si bomba la maji, haifanyi kazi palepale. Inahitaji muda, na mwenye akili anangoja. Hili halikungoja. Likapima tena, likakuta sukari bado iko juu, likatoa dozi nyingine kamili. Na nyingine. Mpishi akitia chumvi, akageuka kuzungumza na jirani, akasahau, akatia tena, chakula kinatupwa. Hapa kilichotaka kutupwa ni kaka yangu.

Na dozi haikukosea hesabu hata mara moja. Kila swali, ukilichukua peke yake, jibu lake lilikuwa sahihi. Ndiyo maana vijana wa Kwayu hawakuona kitu. Walijaribu swali moja moja, na kosa lilikuwa katikati ya swali na swali.

Nikamuuliza Kibwana kongosho lake la zamani liko wapi. Wenzake walioingia kwenye majaribio walirudisha yao, yakafutwa. Yeye, mbishi tangu utotoni, alisema limepotea. Likapatikana kwenye kabati lake la vitambaa, chini ya jora la pamba, taa yake bado inawaka. Tukamrudishia. Jioni sukari ilitulia kama haijawahi kusumbua mtu.

*

Nilimtafuta Bi Mwanakombo kwa simu ya picha. Anaishi Pangani, na kabla hajasikia shida yangu ilibidi nimweleze mimi ni Shemdoe wa wapi, wa nani, na kama ninamfahamu Shemdoe aliyekuwa bwana shamba kule Muheza. Nilimfahamu. Ndipo akaniruhusu kuendelea.

Nilimsomea yote. Akasikiliza huku anachambua mchele, hanitazami. Nilipomaliza akaniuliza jambo moja.

"Bakuli langu mnalirudisha vipi?"

"Haturudishi, Bibi. Bayana inatoa bakuli jipya kila swali, limeoshwa, halina hata chembe. La zamani linaachwa, mzoa taka wa lugha analipitia."

Akaacha mchele. Akanitazama, akacheka cheko la kuudhika.

"Mwanangu, wewe umelelewa na nani?"

Nikahisi masikio yanapata moto, maana nilishaelewa kabla hajaeleza. Kwetu jirani akikuletea futari, bakuli lake halirudi tupu. Unatia chochote ulichonacho, hata ndimu mbili, hata sukari kidogo. Hakuna anayefundishwa, unakua unaona. Bi Mwanakombo aliandika C kama alivyolelewa. Ukimpa bakuli, alikutilia jibu lako juu, na chini yake, katika ile nafasi niliyodhani ya bure, alikutilia cha kurudi nacho: insulini kiasi gani bado inafanya kazi mwilini, mtu huyu hula saa ngapi, mwili wake huitika haraka au polepole. Kisha alitegemea kwamba swali lijalo ungerudi na bakuli lile lile. Makongosho ya zamani yalikuwa na bakuli moja tu, linakwenda na kurudi maisha yote, kwa hiyo halikuharibika neno. Sisi, kwa usafi wetu, tulikuwa tunamwosha mgonjwa kumbukumbu kila alipopimwa. Kila swali, dozi ilidhani ndiyo kwanza inamwona Kibwana duniani.

Nikamuuliza kwa nini hakuliandika mahali popote.

"Lipi? Kwamba chombo cha watu hakirudishwi kitupu?" Akarudi kwenye mchele wake. "Kuna mtu anaandika hilo?"

*

Kwayu aliposikia alishika kichwa. Halafu, kwa kuwa ni fundi hodari, akapata dawa kabla hajakiachia. Tulifiche bakuli upande wa C, akasema. Libaki moja, lile lile, nyuma ya mlango ambako Bayana haioni. Dozi itakumbuka, watu watapona, na mimi nitaapa kwamba ni safi. Nani atajua?

Nikamwambia kompaila itajua, na haitamwambia mtu. Fanksheni nikiiapia kuwa safi, Bayana inaichukulia hivyo kwa moyo wote. Sukari ikisomeka sawa mara mbili mfululizo, haitapiga hodi mara ya pili. Itasema swali hili nimeshalijibu, itachukua jibu la kwanza na kulitoa tena. Dozi ya pili itaingia mwilini, na Bi Mwanakombo ndani ya C hana habari kama imeingia. Lugha ile inaamini kiapo kuliko inavyoamini macho. Ukiidanganya haigombi, inakuua kwa utii.

Akauliza sasa tufanyeje. Nikamwambia, na nilisema kwa raha, maana jibu lilikuwa zuri: tupitishe bakuli mlangoni, wazi. Tunampa dozi sukari ya leo pamoja na bakuli la jana. Anatupa kiasi cha insulini pamoja na bakuli la leo. Sukari ile ile na bakuli lile lile, jibu ni lile lile daima. Hakuna kilichofichwa. Hapo ni safi kweli kweli, naapa mchana kweupe na usingizi napata. Kwayu akanikumbatia, jambo ambalo hajalifanya tena tangu siku hiyo.

Ilibaki Bodi ya Bayana ikubali. Kubadilisha mlango wa mashine ya mwilini ni lazima Bodi iketi, na Bodi ingetaka ushahidi kwamba kile kilicho chini ya bakuli ni kumbukumbu ya mgonjwa na si taka. Ushahidi mzuri ulikuwa mmoja: bakuli la mtu aliyevaa makongosho yote mawili, aliyeanguka kwa moja na kusimama kwa lingine. Nikaenda Ngamiani kumwomba Kibwana.

*

Alikuwa anapindisha shingo ya kanzu. Nikamweleza, nikadhani ananisikiliza kwa fahari. Nilipofika kwenye kulifungua bakuli mbele ya Bodi, mguu wake ukaacha kukanyaga.

"Hapana, Siwe."

Nikamuuliza hapana ya nini. Akainuka akafunga nusu ya mlango wa duka, akakaa karibu nami.

"Humo ndani mna Jumatatu na Alhamisi zangu."

Tangu mama yetu afariki, Kibwana hufunga siku hizo mbili, kila wiki, na thawabu anamwombea mama. Nilikuwa najua alifunga mwanzoni. Nilidhani aliacha daktari alipomkataza, na daktari alimkataza mbele yangu, kwa kidole. Hakuacha. Wifi yangu mwenyewe hakujua, alidhani anakula dukani. Kongosho la zamani lilimjua. Lilijifunza zile siku, likawa linapunguza dozi lenyewe, kimya, halimwambii mtu. Na mkataba wa bima unasema mgonjwa anayekaidi agizo la daktari ananyang'anywa kongosho na kurudishwa kwenye sindano.

Nilimkasirikia. Nilimwambia ni mjinga, kwamba mama hakumzaa ili ajiue kwa ajili yake, na mengine siyarudii hapa. Akayapokea yote. Kisha akaniuliza hilo bakuli likishakuwa linapita wazi mlangoni, nani atakuwa analisoma. Sheria inasema kinachopita mlangoni kisomeke: na Bodi, na hospitali, na bima. Katika furaha yangu nilikuwa nimesahau kwamba uwazi wangu ule haukuwa wa Kibwana peke yake. Kila mtu wa sukari pwani nzima angepitishwa kama kwenye kioo: nani ameamka usiku kula halua, nani amekunywa pombe na mkewe hajui, nani amefunga na nani amekula mchana wa Ramadhani. Chakula cha mtu ni siri yake. Hata anayebebeshwa sahani ampelekee jirani, hafunui kawa, kile kifuniko cha ukindu, njiani aone kuna nini.

Na hapo sikuhitaji ufunuo wowote, maana kawa ni kitu tunacho. Sisi washenga tunaliita hivyo hivyo. Kuna namna ya kupitisha kitu ndani ya Bayana kikiwa kimefunikwa: lugha inakishika, inajua kipo, inajua ni cha nani, inakipitisha mkono kwa mkono, ila haina ruhusa ya kuchungulia. C peke yake ndiye anayefunua, akimaliza anafunika. Kitu kimetangazwa, hakijafichwa, na bado hakijaanikwa. Sheria ilitaka tutangaze. Haikusema tuanike.

Nikamwahidi Kibwana kwamba bakuli lake sitalifunua. Nikalichukua likiwa limefunikwa, nakala ndani ya kompyuta yangu, kwa ajili ya kuonyesha jinsi linavyopita tu. Alinipa kwa mkono wa kulia.

*

Bodi iliketi kwenye ukumbi wa zamani wa reli, na mwenyekiti alikuwa Mama Komba, mwanamke mwenye sauti ndogo na maswali makali. Mtu wa bima aliketi pembeni na kompyuta yake. Nyuma walijaa wagonjwa wenyewe, wengi na kofia zao na mitandio yao, wamekuja kusikia watakufa kwa sheria au wataishi.

Nilizungumza vizuri, sijidai. Nilieleza bakuli, nikaeleza kuosha, nikaonyesha jinsi kaka yangu alivyotiliwa dozi juu ya dozi. Nikaonyesha bakuli linavyokwenda na kurudi chini ya kawa, na jibu likawa lile lile kila tulipouliza. Bi Mwanakombo alikuwa ukutani kwa picha, anaitikia kwa kichwa.

Mama Komba akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema anaona kitu kimefunikwa, na anaambiwa ni kumbukumbu ya mgonjwa. Yeye atajuaje? Inaweza kuwa taka kama wengine wanavyosema. Inaweza kuwa kitu kibaya zaidi. Bodi iliundwa kwa sababu zamani watu waliambiwa wasifunue. Tufunue moja, akasema, hili la majaribio, mara moja tu, tuone. Tukiliona tutapitisha kawa kwa wote. Tusipoliona, basi Bodi itapitisha bakuli linalooshwa, ambalo angalau halina siri, na mshenga mwingine ataapa.

Na angepatikana. Nilimjua hata kwa jina.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Niseme ukweli, nilitaka kufunua. Nyuma yangu walikaa watu ambao wangeangukia majiko na watoto wao kwa ajili ya siri ya fundi mmoja mbishi wa kanzu. Ukiweka wao wote upande huu na Kibwana upande ule, hata asiyejua hesabu anajua pa kwenda. Lakini nilichokuja kukitetea pale ni kwamba bakuli la mtu hafunui mbebaji. Kama nitafunua la kwanza tu kwa sababu nina haja nalo, basi kawa langu ni pambo, na wa pili atakuwa na haja yake, na wa tatu yake. Nikatoa kidole.

"Siwezi, Mama. Si langu."

Minong'ono ikapanda. Kwayu akafumba macho. Mama Komba akavuta karatasi yake, akaniambia kwa upole kwamba anasikitika.

Kiti kikasogea nyuma. Niligeuka nikamwona Kibwana amesimama, amevaa kanzu nyeupe aliyoishona kwa ajili ya Idi. Sikujua kama amekuja. Wifi yangu alikuwa ameketi kando yake, amemshika pindo la kanzu, na nadhani ndiyo kwanza alikuwa ameambiwa.

"Ni langu mimi," akasema. "Nafunua mwenyewe."

Akatembea mpaka mezani, hakunitazama, akabonyeza.

Ukutani ikajitokeza miezi ya maisha yake. Siku za kawaida zilijaa: uji, wali, chai ya jioni, insulini iliyobaki ikipungua taratibu. Na kila Jumatatu, na kila Alhamisi, patupu, tangu alfajiri hadi magharibi, na pembeni dozi imepunguzwa kwa adabu. Hapakuhitaji mtaalamu. Mtu yeyote ukumbini aliona kwamba mashine ile ilikuwa inamkumbuka mtu. Na mtu yeyote aliyekuwa na mzazi kaburini alielewa ni nini kinachokumbukwa.

Mama Komba akavua miwani. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi juu ya kawa. Hakuna aliyeinua mkono. Mtu wa bima alikuwa anaandika.

*

Bodi ilipitisha siku hiyo hiyo. Nikaapa mbele yao, mkono juu: dozi ni safi, ikipewa bakuli lake, na bakuli ni la mwenyewe. Maneno hayo ya mwisho hayakuwamo kwenye kiapo cha zamani. Sasa yamo, na kila mshenga anayatamka.

Bima haikungoja. Kilichoonekana kabla ya kawa kupitishwa kilionekana kihalali, wakasema, na wakampa Kibwana kuchagua: kongosho au funga. Aliapa mbele ya daktari na mkewe kwamba ameacha.

Alhamisi iliyofuata nilimpelekea kongosho jipya, la kwanza lenye bakuli lililofunikwa. Nilimkuta nyumbani, hajaenda dukani. Nikamfunga chini ya mbavu, nikajaribu, likashika. Akaligusa kwa kidole.

"Hili huoni ndani?"

"Sioni. Wala mimi, wala Bodi, wala bima. Hakuna anayeona."

"Kwa hiyo leo ningefunga, asingejua mtu."

Ilikuwa kweli. Wifi yangu aliingia akaweka bakuli la uji mbele yake, limefunikwa kawa, akatoka. Kibwana akalivuta karibu. Tangu mama afariki, hakuwa amekula asubuhi ya Alhamisi hata moja.

"Nimeapa, Siwe," akasema. "Na wewe ndiye unayejua kiapo kinabeba nini."

Akafunua kawa, akaliweka kando, akasema bismillahi. Nikatazama cherehani yake nyingine iliyoegemezwa ukutani mpaka niliposikia kijiko kimegusa kitako cha bakuli.